Nyumba inavyoingia kichwani mwa mtoto

Matokeo ya Gredi ya 9 yalipotoka, baraza yetu hapa Majengo, Mombasa, iligeuka mahakama. Kijana wa jirani, nimwite Saidi, hakupata alama zilizotarajiwa kwao, na kila aliyesimama kunywa kahawa alikuwa na hukumu yake mkononi. Mama mmoja alisema kichwa mtu huzaliwa nacho, "na babake alikuwa vivyo hivyo, si mwamjua?" Muuza kahawa akasema ni simu tu, hakuna jingine. Mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasemi akatua kikombe: "Pesa. Wa Nyali na wa Majengo hawatoki mstari mmoja." Saidi mwenyewe alikuwa papo hapo kwenye ngazi, akimsaidia muuza kahawa kurudisha chenji.

Sikusema kitu siku hiyo. Wote watatu walikuwa wameshika kipande cha ukweli, ila kila mmoja alikishika kwenye makali. Wahenga nao hawasaidii. Wametuachia "mtoto wa nyoka ni nyoka" na wametuachia "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", wasituambie ipi itumike lini. Naona sisi tumeshajitungia kanuni: wa kwako akifaulu ni malezi, wa jirani akifeli ni damu.

Akili ipi?

Watafiti wakizungumzia makuzi ya akili hawana maana ya alama za mtihani. Mtume mtoto wa miaka sita dukani: unga wa ngano kilo moja, nyanya za ishirini, na chenji usiipoteze. Njiani wenzake wanacheza mpira. Mwenye duka anamwambia ngano iliyopo ni ya kilo mbili. Ili arudi nyumbani salama, mtoto huyu lazima aishike orodha kichwani, asivutwe na mpira, aelewe alichoambiwa, kisha akate shauri kama atachukua kilo mbili au atajaribu duka la pili. Kukumbuka, kuwa makini, lugha, kujizuia, kupanga: hiyo ndiyo akili tunayoizungumzia.

Hapa kwetu neno hilo lina mzigo mwingine pia. Mama wa Mombasa akisema "mtoto huyu ana akili", mara nyingi ana maana kwamba akitumwa hutumika na akipita wakubwa huamkia. Si sisi peke yetu. Utafiti kuhusu Waluo uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwao maneno manne ya kueleza akili: rieko, yaani maarifa na ustadi, luoro, ambalo ni heshima, winjo, kuelewa namna ya kulikabili jambo, na paro, kuanzisha jambo bila kusukumwa. Shule hupima lile la kwanza, na hata hilo si lote.

Nalitaja hili mapema kwa sababu mabishano yetu mengi huanza kwa kuchanganya akili na karatasi. Mwaka 1985 watafiti watatu walieleza walichokiona kwa watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Wakiwa sokoni wakihudumia wateja, watoto hao walipatia hesabu kwa asilimia 98. Hesabu za aina ile ile zilipoandikwa kama namba tupu kwenye karatasi, walipatia asilimia 37. Kichwa kilikuwa kile kile. Saidi hurudisha chenji ya noti ya mia mbili kwa vikombe vitatu na kashata mbili kabla sijamaliza kufungua pochi.

Vichochoro

Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa kama robo ya ule wa mtu mzima, na akifika miaka sita umeshakaribia asilimia 90. Lakini uzito si habari yenyewe. Habari iko kwenye viungo vinavyounganisha seli moja na nyingine. Aliyewahi kupotea Mji wa Kale atanielewa upesi. Fikiria mji uliojengwa na vichochoro kupita kiasi, kila nyumba ina njia yake ya kwenda kila nyumba. Miaka ikienda, kichochoro kinachopitwa kila siku kinasakafiwa na kutiwa taa. Kisichopitwa kinazibwa, mtu akajengea stoo yake. Ubongo wa mtoto mdogo una viungo vingi kuliko wa mtu mzima, na kazi kubwa ya utotoni ni kuamua vipi vibaki. Kinachoamua ni matumizi: sauti anazozisikia, anachokishika, anachoulizwa.

Kwa hiyo nyumba huingia kichwani kwelikweli, na huingia kwa milango kadhaa. Wa kwanza ni sufuria. Mtoto wa miaka mitano hivi, zaidi ya asilimia 40 ya nguvu anazotumia mwilini kwa siku huliwa na ubongo peke yake. Huko Embu, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliwapa watoto wa shule githeri, yaani mahindi na maharagwe: wengine iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine iliyoongezwa mafuta, na kundi jingine halikupewa kitu. Waliokula yenye nyama ndio walioongoza kwenye vipimo vya kufikiri. Takwimu za afya za Kenya za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kilifi, hapo ukivuka daraja la Mtwapa, ni 37. Kudumaa hupimwa kwa urefu, lakini njaa iliyofupisha mifupa haikuuruka ubongo.

Kuna na jambo dogo la jikoni ambalo ni nadra kuelezwa. Mbaazi zina madini ya chuma, na chuma ndicho damu inachotumia kubeba hewa hadi kichwani. Ukimpa mtoto mbaazi kwa mahamri na ukazisindikiza na chai ya rangi pale pale, chai huzuia sehemu ya chuma hicho kisifyonzwe. Mpe maji, chai isubiri kidogo. Najua nimegusa pabaya.

Mlango wa pili hatuna ufunguo wake. Kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Madini ya risasi yalikutwa kwenye damu ya watoto. Risasi huingia mwilini ikijifanya kalisi, yale madini ya mifupa, na ubongo unaokua huipokea kama mgeni aliyealikwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Phyllis Omido, aliyepigania kesi hiyo baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, alipata Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Julai 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga hukumu hiyo, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha. Mtoto wa Owino Uhuru aliyekuwa akisahau alichofundishwa jana hakuwa mvivu, na mamake hakuwa mzembe. Ukitaka kujua nyumba inavyojenga akili, usitazame ndani ya kuta peke yake. Tazama na upepo unatoka wapi.

Kisha kuna utulivu, au kukosekana kwake. Mwili wa binadamu una king'ora chake cha hatari: moyo hupiga mbio, masikio yakasimama. Kikilia mara moja na kuzimwa, hakina dhara. Lakini mnajua gari la jirani linapolia usiku kucha inavyokuwa: husomi, hulali, wala huwazi jingine. Mtoto anayekaa akisikiliza nyayo za baba mlevi, au kishindo cha mwenye nyumba anayedai kodi, umakini wake wote umeshaajiriwa kwenye kazi hiyo. Mwalimu anaona mtoto asiyetulia.

Anayekizima king'ora ni mtu. Watafiti walijifunza hilo kwa njia ya kuhuzunisha kwenye vituo vya watoto mjini Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000. Watoto 136 waliolelewa vituoni walipata kitanda na chakula, ila hawakuwa na mtu wao. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walihamishiwa kwa familia za kuwalea. Wakapanda alama za vipimo vya akili, na waliohamishwa kabla ya kufika miaka miwili hivi ndio waliofaidika zaidi. Nikisema nyumba, basi, sina maana ya vigae.

Maneno yanayorudi

Mlango ninaoupenda kuliko yote ni mazungumzo, na ndio uliopotoshwa kuliko yote. Mwaka 1995, Betty Hart na Todd Risley wa Kansas, Marekani, walichapisha matokeo ya kufuatilia familia 42. Walikadiria kwamba mtoto wa familia maskini akifika miaka minne atakuwa amesikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa wasomi. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima. Kwenye makundi ya wazazi ikageuka kuwa amri: ongea na mtoto, ongea, ongea, usifunge mdomo!

Taratibu. Familia 42 ni chache, na zaidi ya hapo, walihesabu maneno aliyoambiwa mtoto moja kwa moja. Waliokuja baadaye, mwaka 2018, walihesabu na maneno ya watu wengine walio karibu na mtoto, pengo likabadilika sana toka jamii hadi jamii. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja wa pamoja, shangazi yupo, mpangaji yupo, bibi yupo, hatashangaa. Nyumba hizo zina upungufu wa mengi, lakini si wa maneno.

Mwaka huo huo wa 2018, watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliwapima watoto wa miaka minne hadi sita na wakaona kwamba kilichoambatana na ubongo unaoshughulika na lugha haikuwa idadi ya maneno, ilikuwa idadi ya zamu. Mimi nimesema, wewe umejibu, mimi nimekujibu. Maneno yanayomwagwa juu ya mtoto ni mvua juu ya mabati: kelele tele, hakuna linaloingia. Mazungumzo ni karata, unatupa yako na unangoja ya mwenzio. Hapa ndipo muuza kahawa wetu alipokaribia ukweli kuhusu simu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja. Simu haina sumu. Ila haingoji jibu, na saa iliyokaa nayo ni saa ambayo hakuna aliyemngoja mtoto.

Na kungoja huku kwetu kulikuwa na mchezo wake. Nyanya yangu alikuwa akichambua mchele jioni, sinia mapajani, hamwangalii mtu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Hapo kimya. Mdogo anasema kaburi. Nyanya anatikisa kichwa, anapuliza makapi. Mwingine anasema tango, "lakini tango si nyumba," anajikosoa mwenyewe. Dakika nzima yaweza kupita. Mkishindwa: "Nipeni mji." Tunampa Malindi, anakataa, mbali, tunampa Lamu, anakubali, "nimekwenda Lamu, nimekula, nimeshiba," ndipo anatoa jibu: yai.

Tazama kilichotendeka kichwani mwa yule mdogo. Ameshika sharti moja, amejaribu jibu, ameambiwa siyo, amelitupa bila kulia, amerudi kutafuta. Mtafiti akitaka kupima mambo hayo huleta kadi zenye rangi na saa ya kuhesabia sekunde. Nyanya hakujua kusoma. Alikuwa na sinia ya mchele.

Lakini hapa inabidi niseme ninachokiamini, maana makala nyingi za malezi huishia hapo pazuri na kumwachia mama lawama. Mama anayevuka feri ya Likoni saa kumi na moja alfajiri, akasimama kwenye kazi kutwa, akarudi saa mbili usiku na kodi haijatimia, ana maneno. Alichonyang'anywa ni nafasi ya kuyangoja yarudi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India: wakulima wale wale walifanya vibaya kwenye vipimo vya kufikiri kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, kuliko baada ya mavuno. Dhiki hukaa kichwani kama mpangaji asiyelipa. Yule mzee aliyesema "pesa" hakukosea, ila pesa haimwingii mtoto kichwani kama ilivyo. Inaingia ikiwa mayai, mbali na kiwanda, mzazi asiyechoka. Ndiyo maana kuna watoto wa Nyali wanaolelewa na skrini, na watoto wa Majengo wanaotegewa vitendawili.

Damu je?

Damu ipo. Mapacha wa yai moja hufanana katika vipimo vya akili kuliko mapacha wa mayai mawili, na jambo hilo limeonekana mara nyingi mno kukanushwa. Kosa huja kwenye kuisoma namba. Mtu akisikia "akili ni asilimia hamsini ya kurithi" hudhani nusu ya kichwa cha Saidi ililetwa na babake na nusu ikaletwa na shule. Asilimia hiyo haimhusu Saidi wala mtu yeyote mmoja. Inaeleza tofauti kati ya watu wa kundi fulani. Chukua darasa ambalo watoto wote wamekunywa uji, wana taa na kitanda: tofauti zitakazobaki kati yao, nyingi zitakuwa za maumbile, kwa sababu mengine yote mmeshayasawazisha. Chukua darasa la pili, nusu wamelala njaa: sasa njaa ndiyo itakayowatenganisha. Watoto hawakubadilika damu, namba ya urithi ndiyo iliyobadilika.

Eric Turkheimer na wenzake walilikuta jambo hilo Marekani mwaka 2003, kwa mapacha wa miaka saba. Katika familia maskini, kama asilimia 60 ya tofauti za alama zilielezwa na nyumba waliyolelewa, na mchango wa urithi ulikuwa karibu sufuri. Katika familia zenye uwezo ikawa karibu kinyume chake kabisa. Ulaya magharibi na Australia halikuonekana, na maelezo yanayotolewa ni kwamba huko maskini haachwi aanguke chini kiasi hicho. Yule mama wa barazani, basi, akimwona Saidi amefanana na babake, bado hajajua wamefanana kwa lipi. Babake hakumrithisha damu tu. Alimrithisha na chumba kile kile, na mtaa ule ule.

Yanayosemwa ovyo

Kwamba lugha nyingi humchanganya mtoto. Mtoto wa Likoni husikia Kidigo kwa bibi, Kiswahili mtaani, Kiarabu madrasa, Kiingereza shuleni. Atachanganya, ndiyo, kama tunavyochanganya sisi. Si dalili ya kuchelewa. Katika kila lugha peke yake huenda akajua maneno machache kuliko mwenye lugha moja, ukijumlisha zote wanalingana. Kinachomdhuru ni mzazi anayeacha lugha anayoimudu na kumlea kwa Kiingereza cha kuombaomba, cha "kamu hia" na "sidauni", hadi mazungumzo ya nyumbani yakabaki amri tu. Mtoto huyo hapati zamu katika lugha yoyote.

Kwamba kifungua mimba ndiye mwenye kichwa. Utafiti mkubwa wa Norwei wa mwaka 2007 ulikuta tofauti ndogo, kama alama mbili tatu za kipimo cha akili. Na mtoto wa pili ambaye mkubwa wake alifariki akiwa mchanga alipata kama wa kwanza. Kwa hiyo ni nafasi ndani ya nyumba, tumbo halihusiki.

Na kwamba miaka mitano ikipita, mlango umefungwa. Hili ndilo linaloniudhi. Miaka ya mwanzo ina uzito wake, lakini ubongo huendelea kujipanga hadi mtu apite miaka ishirini, na ujana ni msimu mwingine mkubwa wa kuziba vichochoro na kusakafia vingine. Hata jamii nzima hubadilika: huko Embu, watoto wa miaka saba waliopimwa 1998 waliwazidi kwa mbali wale waliopimwa 1984. Muda wa miaka 14 hautoshi kubadilisha damu ya mtu. Kilichokuwa kimebadilika ni wazazi waliojua kusoma, chakula, na familia zenye watoto wachache zaidi.

Kinachohitajika si kikubwa kama tunavyodhani, ila kinataka mtu wa kukileta. Mjini Kingston, Jamaika, kuanzia 1986, wahudumu wa afya wa mitaani walizitembelea nyumba za watoto waliodumaa, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. Walibeba vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na vifuniko, wakamwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe, wakaviacha, wiki ijayo wakarudi na vingine. Miaka 20 baadaye watoto hao walikuwa wakipata mapato ya asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa.

Na hatuna haja ya kwenda Jamaika. Mwaka 1986, hapa hapa Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya kuzigeuza madrasa ziwe na chekechea, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, baada ya wazazi Waislamu wa pwani kulalamika kwamba watoto wao wanaachwa nyuma wakiingia shule. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya baharini, mbegu, vitambaa. Akina mama wa mtaa walifundishwa ualimu. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda, na watoto waliopimwa baadaye waliwazidi wale waliobaki nyumbani.

Juzi nilipita tena barazani. Mahakama ilikuwa imeahirishwa, watu wamehamia kwenye bei ya mafuta. Saidi alikuwa akisuuza vikombe. Nikamtegea ile ya nyanya yangu, akacheka, akasema hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua.

"Nami nikutegee," akasema. "Nyumba yangu haina mlango, makadhi tele."

Nikasema mahakama. Akatikisa kichwa. Nikasema bunge. Akapangusa kikombe kingine, hana haraka.

"Nipe mji."

Nikampa Mombasa. Akazungusha macho akiwatazama wale waliokaa, mmoja mmoja, akasema: "Baraza."